Barazani kwa Bi Mwalimu: "Sima" Inaanza na Sauti Gani?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali za Tanga, lakini karibu zote zinauliza jambo moja. Mtoto anajua herufi, anaimba silabi vizuri, ila kusoma kwenyewe hakuji. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zitakuwa nyepesi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilianza kufundisha darasa la kwanza mwaka 1979, mmoja wa wale vijana wa darasa la saba waliochukuliwa kuwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nilistaafu 2021. Miaka yote hiyo nimekuwa Tanga, na sehemu kubwa yake nimekaa na watoto wa miaka sita na saba.

*

"Shikamoo Bi Mwalimu. Mwanangu wa kiume yuko darasa la kwanza. Anaimba ba be bi bo bu mpaka mwisho, na chati ya ukutani anaisoma yote. Juzi nikamwuliza, 'sima' inaanza na sauti gani? Akasema 'si'. Nikamwambia hapana, fikiri tena. Akasema 'sima'. Nikamwandikia 'simu', akakwama kabisa, na 'sima' alikuwa ameisoma jana yake tu. Baba yake anasema mtoto ni mzito. Je, ni mzito kweli?"
Mama wa Makorora

Marahaba, mwanangu. Mtoto wako si mzito, tena alikujibu sawasawa. Ulimwomba kipande cha kwanza cha neno, akakupa kipande cha kwanza anachokisikia. Wewe unasikia s kwa sababu umeshasoma miaka mingi na macho yako yamelifundisha sikio. Yeye bado.

Tazama Kiswahili chetu kilivyo. Maneno yake mengi yanakatika kwa silabi zinazoishia na irabu: sa-ma-ki, ki-te-nge, ku-che-za. Mtoto wa pwani hukua akizisikia. Washairi wetu hawahesabu herufi, huhesabu mizani, na mizani ni silabi. Wasikilize pia watoto wanaporudi kutoka chuoni, yaani madrasa, alasiri na wanataka kufichana siri. Wanasema kinyume: sima inakuwa "masi", samaki inakuwa "kisama", chai inakuwa "icha". Tanga yenyewe inakuwa "ngata", ile ya kubebea ndoo. Hakuna mtu mzima aliyewakalisha kuwafundisha. Silabi ya mwisho wanaiona wazi kama kitu cha kushikika, wanaing'oa na kuipeleka mbele. Lakini miaka 42 ya kazi sijamsikia mtoto asiyejua kusoma akiicheza siri yake kwa kung'oa s peke yake na kuiacha i mahali pake. Silabi inasikika yenyewe. Sauti iliyo ndani ya silabi lazima uonyeshwe.

Na hilo haliko kwetu tu. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Isabelle Liberman, na wenzake walichapisha jaribio ambalo watoto waligonga meza kwa kijiti, mara nyingine gongo moja kwa kila silabi, mara nyingine gongo moja kwa kila sauti. Watoto wa miaka minne karibu nusu waliweza silabi. Sauti moja moja hakuweza hata mmoja. Mwishoni mwa darasa la kwanza, tisa katika kila kumi waliweza silabi na saba katika kila kumi waliweza sauti. Katikati hapo walikuwa wamefundishwa kusoma. Mwanao yuko njiani kwenye safari hiyohiyo.

Ugumu uko wapi? Nenda mbele ya kioo useme "si", kisha "su", lakini usimame kabla irabu haijatoka. Angalia midomo. Kwenye "si" imetandazika, kwenye "su" imeshaviringa, na irabu yenyewe hujaitamka bado. Sauti hazipangani mdomoni kama shanga kwenye uzi. Zinaingiliana, moja inaanza kabla nyingine haijaisha. Mtoto anaposema "si" ni kitu kimoja, anaripoti anachokisikia, na sikio lake linasema kweli.

Sasa kuhusu ile chati. Ba be bi bo bu ameishika kama wimbo, na wimbo ni mzuri, siukatazi. Neno "sima" nalo amelishika kama picha. Ndiyo maana "simu" ilimshinda: ni picha mpya ambayo hajawahi kuiona. Angesikia kwamba sima na simu ni neno lilelile mpaka mwisho kabisa, asingekwama.

Fanya hivi jioni, dakika kumi tu, bila kitabu wala daftari. Chukua maneno haya: samaki, sema, sima, soko, sukari. Nimeyachagua kwa makusudi. Silabi ya kwanza inabadilika kila mara, sa, se, si, so, su, kwa hiyo mtoto hawezi kujificha nyuma ya silabi. Kinachobaki kilekile katika maneno yote matano ni s tu. Yaseme polepole ukiivuta: sssamaki, ssssema, ssssoko. Mwulize, "Ulimi wangu unafanya nini kila mara?" Usimwulize herufi. Mwache aweke kidole mbele ya mdomo wako, ausikie upepo. Barazani kwangu Ngamiani watoto wanaiita sauti ya pancha, kwa sababu kila mmoja amewahi kulisikia tairi la baiskeli likitoa upepo. Ile ya m wanaiita sauti ya mchuzi: umeonja, mdomo umefungwa, mmm. Z ni ya nyuki. Mwanao mwache azipe majina yake mwenyewe, hatazisahau.

Anza na sauti zinazovutika: s, m, n, z, f, v, l, sh. Ziache kwanza p, t, k, b, d, g. Hizo zinakatika papo hapo, huwezi kuzivuta, na mzazi akijaribu anajikuta amesema "pa" au "pe", yaani amerudi kwenye silabi. Zitakuja baadaye, kwa kunong'ona.

Wiki ya pili tafuta komwe, zile za kuchezea bao. Huna, tumia kokwa za ukwaju. Chora sakafuni kwa chaki vyumba viwili vilivyoshikana. Sema "ua". Mtoto asukume komwe moja chumba cha kwanza akisema u, na ya pili akisema a. Kisha "oa". Kisha "na", "ni", "si". Akizoea, chora vyumba vinne useme "sima" kwa kuvuta: sss, i, mmm, a. Komwe nne. Njia hii ya vyumba na kete ni ya mwanasaikolojia wa Urusi aliyeitwa Elkonin, na nimeshangaa mara nyingi jinsi inavyofaa kwenye bao letu. Sauti haionekani na haikai. Ukiipa komwe, inakaa mbele ya mtoto, anaweza kuigusa na kuirudia.

Sasa mwambie: "Hii ni sima. Nataka iwe simu. Nibadilishe komwe ipi?" Nyamaza kabisa. Hata kama atakaa dakika nzima, nyamaza. Akinyoosha mkono kwenye komwe ya mwisho, mwanangu, utajua hakuna mzito nyumbani kwako. Jioni nyingine badilisheni ya kwanza: sima, lima, zima, pima, hima. Siku nyingine badilisheni ya katikati: taka, teka, toka.

Usikae kwenye komwe peke yake kwa muda mrefu. Mtoto akishasikia s na m, mpe herufi zenyewe zilizoandikwa kwenye vipande vya boksi, aziweke mahali pa komwe. Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa Marekani lilitoa taarifa baada ya kupitia tafiti nyingi za mafunzo haya, na moja ya waliyoyaona ni kwamba mchezo wa sauti ukiunganishwa na herufi unazaa zaidi kuliko mchezo wa sauti mtupu. Pia waliona kwamba si kazi ya mwaka mzima. Saa chache kwa jumla, zikigawanywa kidogo kidogo, zinatosha watoto wengi.

Kama anasoma chuoni, una msaada mwingine usioujua. Maalimu amemfundisha kwamba herufi ni moja, ikiwekewa fataha inatoka ba, ikiwekewa kasra inatoka bi, ikiwekewa dhuma inatoka bu. Herufi haikubadilika, kilichobadilika ni irabu iliyo juu au chini yake. Mkumbushe hilo siku mtakapokuwa kwenye samaki na soko.

Jambo la mwisho kwako, na naliandika kwa uchungu. Mpime masikio. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na binti darasani aliyekuwa akijibu ovyo kila nilipouliza sauti. Nikamwita mzito, nikamweka nyuma, akakaa huko mihula miwili. Bibi yake ndiye aliyekuja kuniambia kwamba sikio la mtoto linatoa usaha tangu msimu wa mvua. Alipotibiwa na kukaa mbele, alisoma. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sijamwita mtoto mzito kabla hajapimwa. Mwambie na baba yake.

*

"Mwalimu mwenzangu, habari za kustaafu. Nina darasa la kwanza la watoto 112, nje kidogo ya mji, upande wa Pongwe. Mafunzo tunayopewa yanasema mtoto asikie sauti moja moja, lakini kwa idadi hii nitamsikiliza nani? Pili, watoto wengi wanasema 'karamu' wakimaanisha kalamu, na wengine nyumbani wanasema Kidigo. Nisahihishe matamshi kwanza ndipo nifundishe sauti? Tatu, ofisini tumebishana: 'mbu' ni makofi mangapi, yaani silabi ngapi? Mwenzangu anasema moja, mimi nasema mawili."
Mwalimu wa zamu

Salama, mwalimu mwenzangu. Nianze na mabishano yenu, maana hapo kuna utamu.

Uko sahihi. "Mbu" ni makofi mawili: m-bu. "Mtu" ni mawili, "nchi" mawili, "nge" mawili. Katika maneno haya m au n inasimama yenyewe kama silabi, na mshairi akilihesabu neno huipa mizani yake. Lakini chukua "mbuzi": mbu-zi, makofi mawili tu, na "mbu" ile ya mwanzo sasa ni silabi moja. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Mbu" likiwa fupi hivyo, mkazo hauna pa kutua isipokuwa kwenye m, basi m inanyanyuka na kusimama. Kwenye "mbuzi" mkazo umepata mahali pake, m inaegemea b. Watoto wako wanalijua hili kwa sikio bila kuambiwa. Wapigishe makofi "mtoto", "mbuzi", "mbu" bila kuwaonyesha wewe kwanza, uwasikilize.

Wanapofika kwenye sauti moja moja, maneno ya mb, nd, nj na ng yaache mpaka mwisho. Walimu wazoefu wenyewe wanabishana kama "mb" ihesabiwe moja au mbili, kwa nini umtwike mtoto ugomvi wa watu wazima? Sima, meza, sufi, lala, zulia yanakutosha muhula mzima. Ukishafika kwenye sh, ch, ny na ng', hakikisha unahesabu sauti, si herufi. "Shati" ni komwe nne ingawa herufi ni tano. "Nyanya" ni komwe nne. "Ng'oa" ni tatu. Mtoto akijibu tano kwenye shati, jua amehesabu kwa macho.

Kuhusu 112. Siwezi kukwambia ni darasa jema, si jema, na hupaswi kulibeba peke yako. Ila kuna mambo mawili yaliyonisaidia. La kwanza ni kutoa watoto nje kwa sauti. Wakati wa uji usiseme safu ya kwanza itoke. Sema, "Watoke ambao jina lao linaanza na mmm." Mariamu, Musa, Mohamedi, Mwanaidi wanasimama. Kisha sss: Salimu, Sofia, na Shabani naye ananyanyuka. Hapo usimrudishe. Waulize wenzake: sauti ya Shabani ni ya pancha, au ni ile ya kumnyamazisha mtoto? Watabishana, na ubishi huo ni somo zima ambalo halikukugharimu hata dakika ya ratiba. Kwa wiki mbili kila mtoto atakuwa ameisikiliza sauti ya jina lake mwenyewe, na jina lake ndilo neno analolipenda kuliko yote. La pili, asubuhi wenzao wanapoandika, ita watoto sita au saba mbele, kaa nao dakika kumi na komwe. Kesho wengine. Waliokwama wapate zamu mbili. Pale ndipo unapomsikia mtoto mmoja mmoja, kwenye kiitikio cha watu 112 humsikii yeyote.

Sasa l na r. Usisubiri matamshi yanyooke ndipo uanze, utasubiri mpaka wafike darasa la saba. Kwanza wasikie, kusema kutafuata. Chora ubaoni kalamu upande mmoja, na sinia la pilau upande wa pili kuwa karamu. Funika mdomo kwa daftari, sema neno moja, wao waonyeshe kwa mkono upande gani. Wasiseme chochote. Siku ya kwanza watakosea nusu. Ongeza kula na kura, mahali na mahari. Wakishaanza kupatia, ndipo uwaonyeshe ulimi: kwenye l unagusa nyuma ya meno na kukaa, kwenye r unagonga na kuondoka. Vivyo hivyo zana na dhana, ambapo ncha ya ulimi inachungulia kati ya meno. Wapo watoto ambao lugha ya nyumbani haizitenganishi sauti hizi, na sikio lao limejifunza kuzipuuza. Hawakosei kwa uvivu. Wanatumia sikio la mama zao.

Na hao wa Kidigo, nakuomba sana, wasichekwe. Nyumbani wanasema "madzi", shuleni wanaambiwa "maji". Mtoto anayeweza kukueleza tofauti ya maneno hayo mawili iko mahali gani ameshafanya kile unachohangaika kufundisha darasa zima: ameligawa neno akaiona sauti moja iliyobadilika. Mwite mbele awafundishe wenzake. Waweke komwe za "maji", yeye aiguse ile inayogeuka kwa Kidigo. Nilifanya hivi mwaka mmoja na kijana aliyekuwa hafungui mdomo tangu Januari. Siku ile alizungumza, na hakunyamaza tena.

*

"Bi Mwalimu, binti yangu anasoma shule ya Kiingereza tangu chekechea. Kiingereza anakisoma vizuri. Ila akiandika Kiswahili anaandika 'sema' akitaka 'sima', na 'lala' anaisoma kama 'leilei'. Tumempoteza?"
Baba wa Raskazone

Hapana, baba. Binti yako amefundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, na majina hayo yanagombana na sauti zetu. Herufi e kwa Kiingereza inaitwa "ii". Sasa anapotaka kuandika i ya sima, sikio lake linamwambia "ii", na mkono wake unaandika e. Herufi a inaitwa "ei", ndiyo "leilei" yako. Amefuata alichofundishwa kwa uaminifu mkubwa.

Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, kwa hiyo herufi moja hubeba kazi nyingi. Kwetu irabu ni tano na kila moja ina sauti yake ileile popote uikutapo. Mweleze hivyo waziwazi, watoto wa umri wake wanaelewa wakiambiwa kwamba nyumba mbili zina desturi mbili. Kisha kwa mwezi mmoja mnapoandika Kiswahili msitaje jina la herufi hata moja. Taja sauti tu. Chukua vipande vitano vya boksi, kila kimoja irabu moja na mchoro wake: a ya asali, e ya embe, i ya ingia (chora mlango), o ya ota moto, u ya ua. Akikwama kwenye irabu anatazama mchoro.

Kuna jambo moja ambalo yeye anawazidi wenzake wa Kiswahili. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja yanayoishia na konsonanti, kwa hiyo ameshazoea kuisikia konsonanti ya mwisho ikiwa haina irabu nyuma yake. Mkianza komwe, konsonanti hazitamsumbua. Mshughulikie irabu tu.

*

"Salaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Sahare, nina miaka 63. Anayeniandikia barua hii ni mjukuu wangu wa kidato cha pili. Ujanani nilijiandikisha kisomo nikaacha, bahari haikunipa nafasi. Sasa mjukuu ananifundisha, ananiuliza 'bahari' inaanza na sauti gani, nami nasikia bahari tu. Masikio yamezeeka? Dau langu limeandikwa jina, SALAMA, fundi rangi ndiye aliyeandika. Mimi nalijua kwa rangi yake ya kijani. Nataka nilisome."
Mvuvi wa Sahare

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Umenigusa, na nakushukuru kwa kuniandikia.

Masikio hayakuzeeka. Mwaka 1979 watafiti wanne, wa kwanza wao akiitwa José Morais, walichapisha jaribio walilolifanya mashambani Ureno kwa watu wazima. Kundi moja halikuwahi kujifunza kusoma. Kundi la pili lilitoka kwenye maisha yaleyale, lakini lilijifunza kusoma ukubwani. Waliombwa waondoe sauti ya mwanzo kwenye neno, au waiongeze. Wasiojua kusoma wengi walishindwa. Waliojifunza ukubwani wengi waliweza. Umri haukuwa kitu. Sauti moja moja haimjii mtu yenyewe kwa kuishi miaka mingi au kwa kusema lugha vizuri, inakuja pamoja na kujifunza kusoma. Mtu wa miaka 63 ambaye hajafundishwa anasikia "bahari" nzima, kama vile mtoto wa Makorora alivyosikia "si".

Sikio lako, kaka, limefanya kazi ngumu kuliko hii. Ukiwa ufukweni alfajiri unaijua mashine ya nani inarudi kabla hujaliona boti. Mtu wa mjini anasikia mngurumo tu. Ulifundishwa na miaka ya kusikiliza kwa makini jambo moja, na hapa tunataka usikilize hivyo hivyo, ila kitu kidogo zaidi.

Mjukuu wangu, nisikilize na wewe unayesoma hapo. "Bahari" si neno la kuanzia. Inaanza na b, sauti inayopasuka na kutoweka kabla babu hajaishika, na katikati kuna h ambayo ni pumzi tupu. Tena usimwulize babu "sauti gani" kama mtihani wa shule. Sema nawe pamoja naye.

Fundi rangi amekupeni neno zuri bila kujua. SALAMA lina konsonanti tatu, s, l na m, na zote zinavutika. Irabu ni moja tu, a, inarudi mara tatu. Nendeni kwenye dau lenyewe maji yakiwa yamekupwa, mkae upande wenye jina. Chukueni komwe sita. Semeni kwa kuvuta, sss, a, lll, a, mmm, a, na kwa kila sauti babu aweke komwe moja mchangani chini ya herufi yake. S ni upepo, m ni mdomo uliofungwa, l ni ulimi uliogusa nyuma ya meno. Rudieni mpaka babu aweze kuanza mwenyewe kutoka komwe yoyote mtakayoigusa, siyo kutoka mwanzo tu. Hapo jina hatakuwa analikumbuka kwa rangi tena.

Kisha andikeni mchangani kwa herufi hizohizo nne: lala, mama, sala, saa. Asome moja baada ya nyingine, ukimsubiri bila kumpa jibu. Akimaliza hizo, rudini kwenye SALAMA, ondoeni komwe ya mwisho, mweke u badala ya a. Babu aseme ni neno gani. Uniandikie, mjukuu, lilimtoka siku ya ngapi.